Brauni zenye kiini cha peremende: namna ya kuzioka kwa jiko la mkaa Mandewa

Na Mwandishi Wetu

Keki ndogo za mraba, nzito, zenye rangi ya kahawia iliyokolea na ngozi nyembamba inayopasuka juu, huitwa brauni. Katika migahawa ya Dar es Salaam na Arusha si kitu kigeni tena. Katika Kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, aghalabu hutengenezwa na yule mpishi wa nyumbani anayepokea oda za sherehe za kuzaliwa, kipaimara na harusi, na ambaye oveni yake ni sufuria, mchanga na makaa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuoka brauni laini zenye utando wa peremende katikati, kwa vifaa na malighafi zinazoweza kupatikana Singida. Hii ni keki isiyosamehe uzembe wa moto. Kakao ni ghali, sukari nayo haishikiki kila msimu, na kwa anayeoka ili auze, hesabu ni nyepesi kuielewa: ikiwa gharama za trei moja ni theluthi mbili za bei yake, basi trei moja ikiungua kati ya tatu, faida yote ya siku hiyo imekwenda na moshi.

Ilikotoka

Asili ya brauni ni Marekani. Simulizi inayotajwa zaidi inaihusisha na hoteli ya Palmer House ya Chicago, ambako mwaka 1893, wakati wa Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika katika mji huo, Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, aliomba wapishi watengeneze kitindamlo kidogo cha kuwekwa katika vifurushi vya chakula vya wanawake waliohudhuria. Kitindamlo hicho cha chokoleti kingali kinauzwa hotelini hapo.

Jina lenyewe lina historia iliyopinda kidogo. Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alichapisha mwaka 1896 maelekezo ya vikeki alivyoviita kwa jina hilo, lakini vilikolezwa kwa sukari guru ya maji, pasipo chokoleti hata chembe. Chokoleti iliingia katika toleo la kitabu chake la mwaka 1906. Kwa hiyo jina lilitangulia, chokoleti ikafuata.

Kuoanisha chokoleti na mnanaa ni jambo la baadaye. Mwaka 1940 Henry Kessler, mtengeneza pipi wa mji wa York katika jimbo la Pennsylvania, alianza kuuza kidonge bapa cha peremende nyeupe kilichofunikwa chokoleti chungu, York Peppermint Pattie. Uingereza nayo ilipata After Eight kutoka kiwanda cha Rowntree mwaka 1962. Wapishi wa nyumbani wa Marekani ndio waliozoea kupanga vidonge vya aina hiyo katikati ya rojo la brauni kabla ya kuoka. Vidonge hivyo si rahisi kuvikuta katika duka la Singida, na vikipatikana bei yake inakatisha tamaa. Kiini hutengenezwa nyumbani kwa viungo vitatu au vinne, na kwa maoni ya mwandishi kinakuwa bora zaidi, maana mpishi mwenyewe ndiye anayeamua ukali wake.

Peremende ni nini hasa

Kiswahili kilipokea neno peremende kutoka jina la Kiingereza la mnanaa mkali, kisha kikalitanua. Leo watu wengi wakisema peremende wana maana ya pipi yoyote, hata ya chungwa. Hapa tunalitumia kwa maana yake ya kwanza.

Mnanaa mkali ni chotara wa aina mbili za mnanaa, na kwa kuwa hautoi mbegu zinazoota, hupandwa kwa vipande vya mashina yatambaayo. Mafuta yake yamejaa mentoli. Nanaa inayouzwa sokoni kwa ajili ya chai na kachumbari ni jamii nyingine, ambayo harufu yake haitokani na mentoli bali na kemikali iitwayo kavoni. Ndiyo sababu mpishi anayesaga majani ya nanaa ya sokoni na kuyatia katika kiini hupata harufu nzuri ya bustani, lakini ule ubaridi unaopanda hadi puani hauupati.

Ubaridi huo si baridi ya kweli. Joto la mdomo halishuki. Mentoli hukamata kipokezi kilekile cha neva kinachotoa taarifa ya baridi, na ubongo hudanganyika. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 2002 na watafiti wawili waliofanya kazi mbalimbali huko California, David Julius na Ardem Patapoutian, wote wakitumia mentoli. Mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wao kuhusu namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Kwa mpishi, maana yake ni kwamba kiasi kidogo kinatosha. Kipokezi kikishakamatwa, tone la ziada haliongezi utamu, linaongeza uchungu.

Katika maduka ya vifaa vya keki huuzwa chupa ndogo za arki ya peremende. Soma kibandiko. Arki iliyochanganywa na kileo au maji hupimwa kwa kijiko cha chai. Mafuta halisi ya mnanaa hupimwa kwa tone, na ni lazima yawe yameandikwa kuwa ni ya chakula. Mafuta ya kuchua, dawa za kupaka kifuani na mentoli ya chengachenga inayouzwa kwa ajili ya dawa havina nafasi jikoni. Vilevile mafuta hayo yasiachwe mahali watoto wachanga wanapofikia, wala wasipakwe puani, kwa kuwa mentoli kali inaweza kuwazuia kupumua.

Baadhi ya wapishi husaga pipi kifua wakidhani wamepata njia ya mkato. Pipi hizo nyingi zina mkaratusi pamoja na mentoli, na keki itakayotoka itamkumbusha mlaji homa ya mafua. Pipi ngumu za mnanaa mtupu, zile nyeupe zisizo na dawa, zinafaa. Twanga pipi 10 hadi ziwe unga na uzichanganye na sukari ya kiini, kisha punguza arki kwa nusu.

Mafuta ya alizeti badala ya siagi

Maelekezo mengi ya kigeni yanataka siagi. Singida ni mkoa wa alizeti, na hapo ndipo mpishi wa Mandewa ana nafuu ambayo mwenzake wa kwingine hana. Mafuta ya alizeti hubaki majimaji hata katika ubaridi wa usiku wa Juni na Julai, na kwa sababu hiyo brauni iliyookwa kwa mafuta hayo hubaki laini siku ya pili na ya tatu, ilhali ile ya siagi hukaza.

Hata hivyo mafuta hayafanani. Yale yanayotoka moja kwa moja katika mashine ndogo za kukamua, mashudu yakiwa yametengwa tu, yana harufu nzito ya mbegu. Ni matamu kwa kukaangia mboga, lakini katika keki hii harufu hiyo inagombana na mnanaa, na inashinda. Tumia mafuta yaliyosafishwa. Ikiwa yaliyopo ni ya mashine ndogo tu, yaache yatulie siku kadhaa mahali penye kivuli, umimine ya juu polepole na kuyaacha machicha chini. Harufu itapungua kiasi, haitakwisha. Mafuta yaliyokaa juani dukani katika chupa nyeupe, yakiwa yameanza kunuka kama rangi ya mafuta, yasitumike hata kidogo.

Siagi ina takriban asilimia 80 ya mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Mafuta ya alizeti ni mafuta matupu. Anayebadilisha gramu kwa gramu hupata keki inayovuja mafuta vidoleni. Kanuni iliyo salama ni kupunguza kiasi kwa moja ya tano na kurudisha maji kidogo. Vipimo vilivyo hapa chini vimekwishazingatia hilo. Majarini nayo inawezekana, ila ina chumvi, usiongeze nyingine.

Kuhusu kakao

Kosa linaloharibu brauni nyingi halitokei jikoni bali dukani. Makopo ya chokoleti ya kunywa na vinywaji vya shayiri yana rangi inayofanana na kakao, nayo hukaa katika rafu moja. Ukisoma orodha ya viungo utakuta sukari imetajwa mwanzo kabisa, maana yake ndiyo iliyo nyingi kuliko vyote. Rojo lililotengenezwa kwa hizo haligandi vizuri, linakuwa tamu kupita kiasi na halina uchungu wa kukabiliana na peremende. Kinachotakiwa ni unga wa kakao mtupu, kopo lake likiwa limetaja kiungo kimoja tu.

Tanzania yenyewe inalima kakao, hususan Kyela mkoani Mbeya, na kiasi kingine katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje ikiwa punje zilizokaushwa, na makopo mengi ya unga yaliyomo madukani ni ya kuagizwa kutoka nje. Kugeuza punje kuwa unga kunahitaji kukamua mafuta ya kakao kwa nguvu kubwa, ufundi ambao familia ya Van Houten ya Uholanzi iliuanzisha mwaka 1828. Unga wa kawaida hubaki na mafuta ya asilimia 10 hadi 12. Ule wa daraja la juu hufika 20 au zaidi na ndio unaotoa brauni nzuri, lakini wa kawaida unafaa kabisa maadamu haujavunda.

Mahitaji

Vipimo hivi ni vya trei ya mraba ya sentimita 20, au sufuria ya duara yenye upana wa sentimita 22. Kikombe kinachotajwa ni cha mililita 240. Vikombe vya chai vya majumbani hutofautiana sana, kwa hiyo mwenye mizani ndogo ya jikoni aitumie.

Kwa rojo: mafuta ya alizeti yaliyosafishwa nusu kikombe, sukari gramu 225, yaani kikombe kimoja na vijiko viwili vya chakula, unga wa kakao gramu 75, karibu robo tatu ya kikombe kilichojazwa vyema, maji ya moto vijiko viwili vya chakula, mayai mawili makubwa ya kisasa na kiini cha yai la tatu, au mayai matatu mazima ya kuku wa kienyeji, ambayo ni madogo, unga wa ngano gramu 65, sawa na nusu kikombe, chumvi robo kijiko cha chai, na vanila kijiko kimoja cha chai. Hamira ya keki haihitajiki. Anayeitia atapata keki ya kawaida ya chokoleti, na si brauni.

Kwa kiini: sukari ya unga gramu 200, maziwa mazito matamu ya kopo vijiko vitatu vya chakula, wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chakula, arki ya peremende nusu kijiko cha chai, au matone matatu ya mafuta halisi ya mnanaa ya chakula. Sukari ya unga ikikosekana, saga sukari ya kawaida nyeupe katika blenda kavu pamoja na wanga huo, uache vumbi litulie ndipo ufungue kifuniko, kisha uchekeche. Rangi ya kijani si ya lazima na haiongezi ladha.

Wapo wanaopenda kutumia asali, na Singida ina asali nzuri kutoka Manyoni na Itigi. Unaweza kuondoa robo ya sukari ya rojo na kuweka asali kwa uzito huohuo, ukiacha vijiko vile vya maji. Keki itakuwa na unyevunyevu zaidi, lakini itashika rangi upesi, kwa hiyo moto upungue.

Kutengeneza kiini

Kiini hutangulia, ikiwezekana jioni ya siku iliyopita. Changanya maziwa mazito na arki, kisha tia sukari ya unga kidogokidogo huku ukikanda hadi upate donge laini lisiloshika mikono, mfano wa udongo wa kufinyangia. Likiwa kavu na linakatika, ongeza tone la maziwa. Likinata, ongeza sukari. Onja. Rojo la kakao litapunguza ukali wa peremende, kwa hiyo kiini kikiwa peke yake kionekane kikali kidogo kuliko unavyopenda.

Kisukume kati ya karatasi mbili hadi kiwe bapa la unene wa nusu sentimita, kikiwa kidogo kuliko trei kwa sentimita moja na nusu kila upande. Ukingo huo ni muhimu. Peremende ikigusa ukuta wa trei huyeyuka, huungua na kuganda kama gundi, na utalazimika kutumia kisu na nguvu kuitoa keki. Mwenye friji aliweke bapa hilo katika sehemu ya barafu kwa saa moja. Asiye na friji aliache wazi juu ya waya kwa saa mbili au usiku kucha, likiwa limefunikwa kwa kitambaa chepesi. Hewa kavu ya Singida hulitengenezea ngozi inayolisaidia kusimama katika joto.

Wako wanaopika kiini kwa kuchemsha shira ya sukari. Wanaofuata vitabu vya kigeni wakumbuke kwamba mji wa Singida uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo yakiwa na nyuzijoto karibu 95 badala ya 100. Shira nayo hufuata mkondo huo. Kitabu kikisema nyuzi 114, mpishi wa Mandewa asimamie 109, la sivyo atapata pipi ngumu ya kuvunja meno.

Kuchanganya rojo

Weka mafuta, sukari, kakao, chumvi na maji ya moto katika bakuli, na bakuli hilo juu ya sufuria yenye maji yanayofuka mvuke. Koroga kwa mwiko hadi mchanganyiko uwe wa moto kiasi cha kidole kutovumilia muda mrefu. Kwa wakati huu utaonekana wa chengachenga, kana kwamba umeharibika. Haujaharibika. Ondoa bakuli, uache upoe hadi uwe vuguvugu, kwa kuwa yai likikutana na moto litaiva vipande vipande.

Tia vanila, kisha mayai moja baada ya jingine, ukipiga kwa nguvu kila mara. Hapa ndipo rojo hubadilika na kung'aa. Kupiga huku kunayeyusha sukari, na sukari iliyoyeyuka pamoja na ute wa yai ndiyo inayopanda juu wakati wa kuoka na kuwa ile ngozi nyembamba inayopasuka. Tia unga wa ngano uliochekechwa na ukoroge hadi weupe upotee, mizunguko 30 hivi, kisha uache. Unga ni kidogo kwa makusudi: ulaini wa brauni unatokana na mafuta na sukari kuwa nyingi kuliko unga, na pia kutoingizwa hewa nyingi kama katika keki ya sponji.

Tandika karatasi ya kuokea ndani ya trei, ncha zake zikining'inia nje ili zitumike kuinulia keki. Mimina zaidi kidogo ya nusu ya rojo, ulisawazishe kwa mgongo wa kijiko kilicholowa. Weka bapa la peremende katikati. Mimina rojo lililobaki na ulisambaze taratibu hadi pasionekane weupe popote, hususan kwenye pembe. Rojo bichi lisionjwe wala watoto wasilambe mwiko, kwa sababu ya vijidudu vya mayai mabichi na unga usiopikwa.

Moto

Mwenye oveni ya gesi au umeme aiwashe mapema hadi nyuzi 165 na aoke kwa dakika 28 hadi 32. Sehemu inayobaki ni kwa ajili ya wenye mkaa.

Chukua sufuria kubwa yenye kifuniko cha bapa, utie mchanga mkavu uliooshwa kiasi cha vidole viwili, na juu yake uweke mawe matatu madogo au kiwiko cha chuma cha kuinulia trei. Trei isikae juu ya mchanga moja kwa moja. Funika, uweke jikoni, upalie makaa juu ya kifuniko, na uache ndani kupate moto kwa dakika 20. Theluthi moja ya makaa iwe chini na theluthi mbili juu. Wengi hufanya kinyume, nao ndio wanaolalamika kwamba keki imeungua chini na juu imebaki rojo.

Kipimajoto kikikosekana, nyunyiza kijiko cha unga wa ngano katika sahani ya bati na ukiweke ndani kwa dakika tano. Unga ukiwa umebadilika kidogo tu na kuwa wa rangi ya maziwa yenye chai, moto ni mdogo na unakaribia kufaa. Ukiwa wa dhahabu, ni wa wastani. Toa makaa machache ya chini kisha uendelee. Ukiwa wa kahawia iliyokolea, subiri. Jaribio hili la bibi zetu linafanya kazi vizuri kuliko kukisia kwa kiganja.

Ingiza trei na usifunue kabla ya dakika 25 kupita. Kila ufunuaji unapoteza joto, na majivu huanguka ndani. Inapofika muda huo, futa majivu ya ukingoni, funua kwa uangalifu na utazame. Kingo ziwe zimekauka na kuanza kuachana na karatasi, juu pawe na ngozi, na katikati patikisike kidogo tu unapogusa trei. Njiti ya kupimia keki hudanganya hapa, kwa kuwa ikipita katika peremende itatoka imelowa hata kama keki imeungua. Ichome sentimita mbili kutoka ukingoni mahali pasipo na kiini, na itoke na chembe zenye unyevu, si rojo wala si kavu kabisa. Katika sufuria ya mkaa kazi hii kwa kawaida huchukua dakika 30 hadi 35.

Katika miinuko kama ya Singida, keki zenye hamira nyingi huumuka upesi na kuporomoka, kwa sababu hewa nyepesi huruhusu gesi kutanuka zaidi. Brauni haina hamira, hivyo tatizo hilo haliigusi sana. Kinachoigusa ni kukauka, maana maji huondoka upesi zaidi. Kati ya kuitoa dakika mbili mapema na dakika mbili baadaye, itoe mapema.

Makaa yasitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na usiku wa baridi wa mwezi Julai ndio unaoshawishi watu kufunga. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kwa muokaji gesi ina faida nyingine isiyotajwa sana: moto wake unarudiwa vilevile kesho.

Kukata na kuuza

Keki ikitoka, iache katika trei hadi ipoe kabisa, saa tatu au nne, na ni bora ilale usiku mmoja. Peremende ikiwa ya moto ni kama lava. Inaunguza ulimi na inakimbia kila upande kisu kikipita. Ikipoa hurudi kuwa utando mweupe unaotafunika. Inua kwa ncha za karatasi, ukate kwa kisu kirefu kilichochovywa katika maji ya moto na kufutwa baada ya kila mkato. Trei moja hutoa vipande 16. Kwa kuwa utamu ni mwingi, anayeandaa kwa ajili ya watoto anaweza kukata 25.

Anayetaka kuuza zaidi ya majirani ana taratibu za kufuata. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya jukumu hilo kuondolewa katika iliyokuwa TFDA. Wajasiriamali wadogo huelekezwa kuanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambalo hutoa barua ya utambulisho ya kupeleka TBS, na leseni ya biashara hutafutwa manispaa. Pamoja na hayo kuna kupimwa afya kwa wote wanaoshika chakula. Kibandiko kitaje ngano, mayai na maziwa bila kuficha, kwa ajili ya wenye mzio, na tarehe ya kuoka iandikwe kwa mkono ikibidi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, hivyo vipande vifungwe katika karatasi ya kuokea na kupangwa ndani ya boksi la karatasi ngumu.

Brauni hizi hukaa siku nne hadi tano katika chombo kinachofunga vizuri, mahali penye kivuli. Zisichanganywe chombo kimoja na keki nyingine, maandazi au mkate, kwa sababu harufu ya mnanaa inahama na baada ya usiku mmoja kila kitu kitanukia peremende. Sisimizi wakiwa wengi, chombo kisimamishwe ndani ya sinia lenye maji kidogo.